Mama Mkwe na Egzosi Nyeupe

Sura ya mama mkwe wangu siijui vizuri. Nimeoa kwake miaka mingi, watoto wangu wamekulia mgongoni mwake, lakini ukiniambia nikueleze pua yake ikoje nitababaika kama mwizi aliyeulizwa risiti. Ninachokijua ni miguu. Najua kandambili zake za bluu, najua visigino vilivyopasuka kwa kulima, najua pindo la kitenge linavyofagia vumbi anapoharakisha kuingia ndani akisikia nimefika. Kwetu huku mkwe hamkodolei macho mama mkwe, hamshiki mkono, hakai naye mkeka mmoja, wala hawali pamoja. Wapo wa mjini walioacha mambo hayo. Yeye hakuacha, na mimi niliyepewa binti yake nisingethubutu kuacha peke yangu.

Basi mtanisamehe nikimwelezea kuanzia chini. Ndivyo nilivyomwona.

Nilikuwa nikifika kwake Misunkumilo nazima pikipiki mbali, kwenye mti wa mwanzo wa shamba, naisukuma hadi uani. Ninaposema "Shikamoo mama" naangalia kuku. Yeye anaitikia "Marahaba" akiangalia ukuta. Baada ya hapo maongezi yote yanapitia kwa mtu mwingine. Kama mke wangu yupo, ataambiwa yeye: "Muulize baba huyo kama wameamka salama." Mimi nipo hatua chache tu, nimesikia, lakini nasubiri mke wangu anigeukie anirudishie swali zima, ndipo nijibu kwa mke wangu, naye alipeleke jibu. Neno lake lilikuwa "Nisemeeni jamani." Nisemeeni, mwambieni amesahau kofia. Nisemeeni, mvua inakuja, aondoke. Asipokuwepo mtu alimtumia kuku, au mbuzi, na wasipokuwepo hao aliisemesha pikipiki yangu yenyewe: "Wewe pikipiki, huko Nsemulwa unakotoka watoto hawajambo?" Nami namjibu kwa kuisifu pikipiki kwamba imetoka kwa watoto wazima kabisa.

Mtu angeweza kudhani ni mwanamke mnyonge. Thubutu! Sokoni alikuwa mtu mwingine. Alikuwa akiuza karanga za kukaanga, na wenye maduka ya jumla walikuwa wakimwona anakuja wanapanga maneno mapema. Niliwahi kumsikia nikiwa nyuma ya duka moja nafunga mnyororo wa pikipiki ya mteja. Alikuwa anamwambia mwenye duka kwamba mizani yake imelewa, tena mbele ya watu, na mwenye duka, mzee mwenye kofia yake nzuri ya darizi, anamsihi: "Mama, punguza sauti basi, hapa kuna wateja." Akamjibu, "Wateja ndio nataka wasikie." Kicheko alichokiangusha baada ya hapo kilifika barabarani. Nilijibanza nyuma ya pikipiki mpaka alipoondoka, maana angejua nimemsikia akicheka vile, angekosa raha wiki nzima, na mimi pia.

Sauti ya pikipiki yangu aliitambua kati ya pikipiki zote za Misunkumilo, na si chache. Mke wangu alinisimulia kuwa mama yake alikuwa akiwa katikati ya stori anakatisha, anasema "Mkwe huyo," na pale pale anavuta kitenge, anafunika sufuria, anasukuma kigoda. Siku moja upepo ulimdanganya. Nikaibuka pembeni ya jiko akiwa ameshika tonge la ugali ulioepuliwa sasa hivi, tayari liko mdomoni. Kutafuna mbele ya mkwe hakuwezi, kutema hakuwezi. Akalimeza zima, la moto, nikaona vidole vya miguu vimejikunja ndani ya kandambili. Mke wangu alipotusimulia baadaye watoto walicheka hadi wakagaragara. Mimi nilicheka nao. Sikujua kwamba nilikuwa nimeonyeshwa mapema kabisa jinsi mwanamke yule alivyoweza kukaa kimya na moto.

Mimi ni fundi pikipiki. Kama umewahi kupita Nsemulwa ukaona bodaboda yenye egzosi nyeupe kama sahani ya udongo, uwezekano mkubwa ni kazi yangu. Ni mpako wa kauri. Unakuja kwenye kopo dogo kutoka Dar, na kazi yake ni kuuzuia moto wa bomba hilo la moshi usitoke pembeni ukaunguza miguu ya abiria, uendelee mbele ukatokee nyuma na moshi. Watu hufikiri nilianza kazi hiyo kwa ubunifu wa biashara. Wananisifu. Mmoja aliniita mtaalamu. Ningewaambia ukweli wangenionea huruma, kwa sababu nilianza kwa aibu, na kila bomba nililolipaka tangu siku hiyo nilikuwa nalipaka kwa ajili ya mtu mmoja tu, nikitaka kitu kimoja tu: akubali kupanda tena pikipiki yangu.

Alikuwa amepanda mara moja tu. Mke wangu alikuwa amejifungua, mama akaja mjini kumwogesha na kumkanda, na siku ya kurudi Misunkumilo mvua ilikuwa imeharibu njia, hakuna bodaboda nyingine iliyokubali. Mke wangu akasema, "Mama, si utapelekwa na baba Neema huyu huyu?" Pakatafutwa mtu wa kukaa katikati yetu, hakupatikana. Mwisho akapanda.

Sasa mwanamke anayeheshimika huku hukaa upande, miguu yote kushoto, mbali na egzosi. Lakini ukikaa upande kwenye njia mbovu lazima umshike dereva, kiuno au bega, la sivyo unabwagwa. Yeye angenishikaje? Akaona bora akae kwa kutanua miguu, ashike keria ya nyuma kwa mikono miwili, ajivute nyuma mpaka mwisho wa siti. Na mimi kwa heshima hiyo hiyo nikajisogeza mbele nusu nikae juu ya tangi. Kati yetu pangeweza kukaa mtu mzima na mzigo wake. Tukaondoka hivyo, mimi nimeng'ang'ania usukani, yeye ameng'ang'ania keria, hatusemi.

Bati la kinga ya egzosi yangu lilikuwa limedondoka kwa mitikisiko, jambo la kawaida huku. Kwenye makorongo mguu wake wa kulia ukateleza kwenye pedeli, ukalalia bomba. Ili aunyanyue alihitaji kushika kitu cha mbele, na cha mbele kilikuwa bega langu. Hakulishika. Hakusema neno. Nilinusa kitu kinaungua. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo ninapoandika. Nilinusa, nikasema moyoni ni mfuko wa nailoni umenasa kwenye bomba kama kawaida, nikaongeza mwendo ili tufike haraka, tuachane na aibu ile. Tulipofika akashuka, akamwambia mbuzi, "Mshukuruni, amefanya kazi," akaingia ndani akitembea wima kabisa.

Kwa majirani alisema amemwagikiwa na uji. Kidonda kilimsumbua sana, kikatunga usaha, akaanza kwenda zahanati kusafishwa, na kote huko ni uji tu, uji. Mke wangu aliapishwa asiniambie. Akavumilia, halafu siku moja namlalamikia kwamba mama haji tena kwetu, akanitazama akasema, "Ni egzosi yako. Usiseme nimekwambia." Nilitoka nje nikakaa juu ya tairi bovu. Nilitamani nikimbilie Misunkumilo kuomba radhi, lakini radhi ya nini? Ningeanzaje kumtajia mama mkwe paja au shavu la mguu wake? Hata kujua kwangu kulikuwa ni kumvunjia heshima. Basi ikawa hivyo: yeye anajua kwamba aliungua kwangu, mimi najua, na kila mmoja anajifanya ni uji.

Toka hapo akawa anatembea kwa miguu. Misunkumilo hadi sokoni, na beseni la karanga kichwani, mguu mmoja ukiburuta kidogo. Akipitwa na mimi njiani nasimama mbali, namtuma mtu amwambie nimpeleke. Jibu linarudi: "Nisemeeni, pikipiki inanipa kizunguzungu." Naenda zangu, na vumbi langu linambakia yeye.

Ndipo nikaanza na egzosi. Nilisikia habari za ule mpako kwa dereva wa lori, nikaagiza. Kopo la kwanza nililiharibu lote. Sikusugua kutu vizuri, nikapaka, nikawasha injini pale pale kwa papara, na mpako ukavimba ukabanduka kama maganda ya karanga. Nilikuja kujifunza kwamba unasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, unaosha mafuta yote, unapaka wembamba, unaacha ukauke, unapaka tena. Halafu unaupika kwa moto wa injini yenyewe: unawasha kidogo, unazima, unaacha upoe kabisa, unawasha tena kwa muda mrefu zaidi. Hapo mtu mwenye haraka ndipo anapoharibu. Nilipima kwa kipande cha nailoni. Kwenye bomba tupu kiliyeyuka na kunuka mara ile ile, na harufu hiyo sikuweza kuivumilia, nilikuwa nageuza uso. Kwenye bomba lililopakwa kilikunjamana taratibu tu.

Lakini nisiwadanganye. Moto haukuisha. Ulipungua. Ukilaza mguu pale kwa muda, utaungua vile vile, ila utapata nafasi ya kuutoa. Madereva wa kijiweni walinicheka: "Fundi, sasa hizi egzosi umezipaka unga?" Rafiki yangu mmoja, ambaye watoto wangu humwita baba mdogo, alikataa kabisa kuipaka ya kwake. Alisema pikipiki ya mwanaume haivai soksi nyeupe.

Habari zilimfikia mama mkwe. Siku moja tuko uani kwake, akamwambia mke wangu, "Hebu muulize baba huyo. Hao abiria wake, siku hizi hawaungui?" Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama, moto umepungua. Haujaisha." Akageuza karanga kwenye mchanga wa kikaango. Kisha akasema, "Basi." Nilikaa na hilo basi miezi na miezi, nikiligeuza huku na huku. Basi amenisamehe? Basi nisimsumbue tena? Nikaendelea kupaka.

Na nyumbani kwangu, Mungu anisamehe, nikawa nalifanya jambo lile kuwa hadithi nzuri. Pengine ndivyo aibu inavyotafuta nguo ya kuvaa. Watoto wakibishana na wakubwa nilikuwa nawaambia, "Mwangalieni bibi yenu. Ameungua njia nzima nyuma yangu, hata kukohoa hakukohoa. Hiyo ndiyo adabu." Neema, binti yangu wa kwanza, alikuwa akisikiliza kwa makini sana. Niliipenda namna alivyosikiliza.

Siku hizi mama mkwe yuko Kapalamsenga kwa mwanawe mkubwa, kule ziwani, na tunapata salamu zake kwa simu, kupitia kwa mke wangu kama kawaida. Lakini kabla hajahama alifika gerejini kwangu. Hilo sijawahi kumsimulia mtu. Waliokuwepo wamelisimulia kwa niaba yangu, wakaongeza na chumvi.

Ilikuwa mchana, vijana wa kijiweni wamejaa, redio inapiga muziki. Kwa desturi yetu mama mkwe hakanyagi mahali mkwe anapokaa na wanaume wenzake. Niliona kwanza kandambili za bluu kwenye vumbi lenye oili, nikadhani ni za mtu mwingine. Pembeni yake kulikuwa na viatu vyeusi vya shule vya Neema, na soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini, katika joto lile.

"Nyie vijana, zimeni hiyo redio," akasema. Sauti ya sokoni. Redio ikazimwa.

Nilikuwa nimeshapiga goti kwa heshima, macho chini. "Shikamoo mama."

"Mkwe," akasema. Hakumtuma mtu, wala kuku. Alisema mkwe, mimi. "Huyu mtoto anatembea ametenga mguu. Mama yake hajaona, wewe hujaona. Mimi nimeona, kwa sababu mwendo huo naujua. Nimemvua soksi. Ameungua kwa egzosi ya huyo rafiki yako unayemtuma amchukue shuleni. Ana siku kadhaa anaficha. Nikamuuliza, mbona hukupiga kelele? Unajua kanijibu nini?"

Nilisikia Neema ameanza kulia.

"Kasema, 'Bibi, hata wewe hukusema. Baba anasema ndiyo adabu.'"

Rafiki yangu alikuwepo, ameegemea pikipiki yake, na nikaona buti zake zikirudi nyuma taratibu.

"Angalia hapa," akasema mama mkwe. Nikaona mkono wake umeshika pindo la kitenge na kulipandisha. Nikafumba macho haraka. Vijana wengine waligeukia ukutani, nashukuru, walikuwa na malezi.

"Mkwe, nimesema angalia."

"Mama, nakuomba..."

"Chini kuna nini? Angalia!"

Nikaangalia. Kovu lilikuwa kubwa kuliko kiganja changu. Ngozi ilikuwa imevutika na kung'aa, pembeni nyeusi, na katikati kulikuwa na shimo ambapo nyama haikurudi. Nilikuwa nimepaka mabomba ya nusu ya mji kwa ajili ya mguu huo na sikuwahi kujua ukubwa wake. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka.

"Haikuwa uji," akasema, sasa kwa wote. Kisha kwangu, polepole, "Na haikuwa adabu. Usimfundishe mtoto uongo. Niliona aibu kushika bega lako, basi. Ningelishika, ungesimama, tungecheka, yangeisha. Sasa na huyu kaungua kwa sababu ya bega lako lile lile."

Akashusha kitenge. Akamgeukia Neema, akamfuta machozi kwa kiganja, akamwambia, "Kwa heshima yoyote ile, ya baba mdogo, ya mwalimu, ya padri, ukiungua piga kelele. Umesikia?" Neema akaitikia kwa kichwa. "Sijasikia." "Nimesikia, bibi!"

Rafiki yangu aliisukuma pikipiki yake mpaka mbele yangu, akaweka stendi, akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, ipake." Akambeba Neema hadi duka la dawa mwenyewe, na hakumtazama mtu.

Tukabaki mimi na mama mkwe na vijana wanaojifanya wanatafuta spana. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikasema, nikiangalia tena chini kwa mazoea, "Mama, naomba unisamehe."

"Jua kali," akajibu. "Nirudishe nyumbani."

Nilileta ile yenye egzosi nyeupe na kinga mpya juu yake. Akaigusa kwa mgongo wa mkono, akaguna. Akapanda, akakaa upande kama mwanamke anayeheshimika, miguu kushoto. Nikajisogeza mbele kwenye tangi, na hapo nikahisi mkono wake umetua begani kwangu, mzito, wenye harufu ya karanga. Tulipita kijiweni, tukapita kanisani, watu wakatuona mkwe na mama mkwe tumeshikana, na mimi nilitamani barabara iishe na sikutamani iishe.

Tulipokaribia makorongo ya Misunkumilo akanifinya bega, akapaza sauti iliyowashtua wanawake waliokuwa wanapalilia: "Mkwe! Moto!"

Nilikanyaga breki, nusu tuanguke. Nikaruka chini, nikamtazama usoni bila kufikiri. "Umeungua mama? Wapi?"

Alikuwa na macho madogo, yenye makunyanzi mengi pembeni. Aliniangalia nayo moja kwa moja.

"Sijaungua," akasema. "Nimehisi joto tu la injini kisiginoni. Nimeamua niseme mapema."